Bingwa wa Shule ni Bingwa wa Nini? Kuzielewa Heshima za Wanariadha Wanafunzi nchini Uganda

Muhula unapokaribia kwisha, shule nyingi za sekondari za Uganda zinazojulikana kwa riadha huwaita wanafunzi paredi asubuhi, na mwalimu mkuu husimama kuwataja waliorudi na medali. Mmoja hutangazwa kuwa bingwa wa wilaya wa mbio za nyika, mwingine bingwa wa taifa wa shule katika mita 1500, na wa tatu huambiwa kwamba ameteuliwa kuiwakilisha nchi katika michezo ya Afrika Mashariki. Wa nne hakushinda mbio yoyote, lakini naye hupigiwa makofi kwa sababu timu ya shule imenyakua kombe na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Wazazi, wanahabari na mara nyingine walimu wenyewe huzipokea heshima hizi zote kana kwamba zina uzito mmoja, ilhali kila moja inapima jambo lake, na baadhi yake hazimpimi mwanafunzi hata kidogo. Kwa kuwa heshima hizo ndizo huamua nani atalipiwa karo mwaka ujao, nani ataitwa kambini na nani atarudishwa nyumbani, kuzielewa kunamhusu kila mzazi mwenye mtoto anayekimbia.

Mkanganyiko huanza na utawala. Mwanariadha mwanafunzi nchini Uganda hushindana chini ya mamlaka mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya shule: mashindano huanza ndani ya shule baina ya mabweni, yakaenda wilayani, kisha kanda, kisha michezo ya taifa inayoendeshwa na chama cha michezo cha shule za sekondari, USSSA, chini ya Wizara ya Elimu na Michezo. Wanaofanya vizuri huko huenda kwenye michezo ya shirikisho la Afrika Mashariki, FEASSSA, ambayo huhamishwa kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2023 ilifanyika Huye nchini Rwanda, mwaka 2024 ikaja Bukedea hapa Uganda, na mwaka 2025 ikaenda Kakamega nchini Kenya. Mamlaka ya pili ni Shirikisho la Riadha la Uganda, ambalo huandaa mashindano yake ya kitaifa na majaribio ya kuteua timu ya vijana wa chini ya miaka 20 kwa ajili ya mashindano ya dunia. Mwanafunzi anaweza kuwa bingwa wa shule asiyejulikana kwa shirikisho, kama vile kijana aliyeacha masomo anavyoweza kuwa bingwa wa taifa wa vijana bila kuwahi kuvaa fulana ya shule. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mtoto fulani ni bingwa wa Uganda, swali la kwanza la haki ni hili: bingwa katika mashindano ya nani?

Swali la pili linahusu jinsi ushindi wenyewe ulivyohesabiwa, na hapa mbio za nyika ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa kuwa katika mbio hizo anayefika wa kwanza na shule inayobeba kombe mara nyingi si wa upande mmoja. Inafaa tulitazame jambo hili kwa karibu. Mstari wa kuanzia umechorwa kwa chokaa kwenye nyasi, na kila shule imepewa nafasi yake ya kusimama. Wanafunzi wanapomaliza huingizwa katika njia nyembamba iliyozungushiwa kamba ili asiwepo wa kumpita mwenziwe baada ya mstari, na mwishoni mwa njia hiyo mwalimu humpa kila mmoja kijikaratasi chenye namba ya nafasi aliyofika. Mwanafunzi hukipeleka kijikaratasi hicho kwa mwalimu wa shule yake, huku wengine wakiwa wamekikunja ndani ya kiganja kilicholowa jasho hata wino unaanza kufutika, na mwalimu hukusanya namba za wanafunzi wake na kuzijumlisha. Katika mashindano ya dunia, nchi huingiza hadi wakimbiaji sita na nafasi za wanne wa kwanza ndizo zinazohesabiwa. Timu yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo inayoshinda.

Tuchukue mfano wa shule mbili. Ya kwanza ina wakimbiaji wawili hodari mno wanaofika wa 1 na wa 2, lakini wenzao wanafika wa 19 na wa 24; jumla yao ni 46. Ya pili haina mtu hata mmoja katika watano wa mwanzo, ila wanne wake wanafika wa 6, wa 8, wa 9 na wa 11. Jumla yao ni 34, na kombe ni lao. Wazazi wa wale wawili wa mwanzo huondoka uwanjani wakinung'unika kwamba wameibiwa. Hawakuibiwa. Mbio za nyika za timu huthamini shule iliyowalea wakimbiaji wengi wa wastani mzuri, na aliyefika wa 11 akiwa hoi, akimpita mtu mmoja katika mita mia za mwisho, huenda ndiye aliyeamua kombe liende wapi. Napenda sana utaratibu huu, kwa sababu ni miongoni mwa nafasi chache ambapo mwanafunzi asiye na kipaji cha ajabu hutuzwa kwa haki kamili, kwa hesabu ambayo kila mtu anaweza kuikagua. Ndiyo maana ushindi wa timu ya wanaume wa Uganda katika mbio za nyika za dunia huko Aarhus, Denmark, mwaka 2019, ulikuwa na maana kubwa kuliko inavyokumbukwa. Joshua Cheptegei alifika wa kwanza na Jacob Kiplimo wa pili, lakini dhahabu ya timu ilihitaji wengine wawili wasioandikwa kwenye vichwa vya habari wakaze mwendo hadi mwisho.

Upande mwingine wa mbio za nyika ni kwamba muda wake haufai kulinganishwa na muda wa mahali pengine popote. Njia moja ina matope na kilima, nyingine ni uwanja wa gofu uliokauka. Mwanafunzi anayesifiwa kwamba amevunja rekodi ya nyika amevunja rekodi ya njia ile tu, tena endapo haikubadilishwa tangu mwaka uliopita. Kinachobaki na thamani ni nafasi aliyofika na ni akina nani aliowashinda.

Uwanjani, muda huwa na maana zaidi, lakini na penyewe kuna mitego. Viwanja vingi vya shule zetu ni vya nyasi, mistari huchorwa kwa chokaa au majivu, na mzunguko hupimwa kwa kamba. Uwanja rasmi una mita 400 zinazopimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa njia ya kwanza. Kamba ikikosea na mzunguko ukawa pungufu kwa mita tano tu, anayekimbia mita 5000, yaani mizunguko kumi na miwili na nusu, atakuwa amepunguziwa zaidi ya mita 60. Kwa mwanafunzi anayemaliza kwa dakika 15 na sekunde 30, punguzo hilo ni kama sekunde 12, na sekunde 12 katika umbali huo ndizo zinazotofautisha mwanafunzi anayeitwa kambini na yule anayeambiwa ajaribu mwakani. Halafu kuna saa ya mkononi. Mwalimu anayesubiri moshi wa bastola au bendera ya mwanzishaji huchelewa kidogo kubonyeza, na kwa sababu hiyo muda wa mbio fupi uliochukuliwa kwa mkono huonekana bora kuliko ule wa mitambo kwa takriban robo ya sekunde. Robo ya sekunde katika mita 100 ni umbali unaozidi mita mbili. Gazeti linapoandika kwamba msichana wa kidato cha tatu amekimbia mita 100 kwa muda fulani bila kueleza umechukuliwaje, limetupa nusu ya habari.

Mwinuko nao una hesabu yake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na miji ya Sebei, yaani Kapchorwa, Kween na Bukwo kwenye mteremko wa mlima Elgon, iko juu zaidi. Teryet, mahali serikali ilipochagua kujenga kituo cha mazoezi ya mwinuko, ni karibu mita 2,500. Hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi, kwani upinzani wake ni mdogo, na huwabana wa mbio ndefu, kwani oksijeni inayofika kwenye misuli hupungua. Mwanafunzi anayekimbia mita 5000 kwa muda wa wastani pale Kapchorwa huenda akawa na uwezo mkubwa kuliko mwenzake aliyekimbia kwa muda bora zaidi mjini Entebbe kando ya ziwa. Makocha wa Sebei wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana wengi hawajali sana saa mazoezini nyumbani. Humtazama mtoto anavyopumua na anavyoshuka mlima. Wanaotoa tuzo kutoka mbali, wakiwa na orodha ya muda mezani, hawalioni.

Suala la umri ni gumu kuliko yote hayo, na ndilo limeumiza watoto wengi zaidi.

Kanuni za Shirikisho la Riadha la Dunia ziko wazi: mashindano ya chini ya miaka 20 ni ya wale ambao hawatatimiza miaka 20 katika mwaka wa mashindano, na kipimo huchukuliwa tarehe 31 Desemba. Jacob Kiplimo wa Bukwo alizaliwa Novemba 2000. Alipokimbia mita 5000 katika Olimpiki ya Rio mwezi Agosti 2016 alikuwa bado na miaka 15, lakini kwa kuwa angetimiza 16 kabla mwaka haujaisha, aliruhusiwa. Mwaka huo huo alipata shaba ya mita 10,000 ya vijana duniani, huko Bydgoszcz, Poland, na Machi 2017, katika viwanja vya Kololo jijini Kampala, akashinda mbio za vijana katika mashindano ya dunia ya nyika akiwa na miaka 16 dhidi ya vijana wa 18 na 19. Kwa mtu anayejua riadha, umri huo ndio uliokuwa habari yenyewe. Ushindi ule ule ukipatikana na mtu wa miaka 22 aliyeandikishwa kuwa na 18 hautuambii lolote kuhusu kesho.

Ndipo tunapofika kwa wale tunaowaita mamluki: watu wazima wanaoingizwa kwenye mashindano ya shule kwa jina la kuazima au kwa cheti cha kuzaliwa kilichotengenezwa juzi, ili shule ipate pointi. Watu huzungumza juu ya udanganyifu huu kana kwamba anayeibiwa ni shule pinzani. Anayeibiwa hasa ni msichana wa miaka 15 aliyefika wa 9 na kuambiwa kwamba hana kitu, ilhali wanane waliomtangulia walikuwa wanawake wenye miili iliyokwisha kukomaa. Mwalimu wake, asiyejua, humwondoa kwenye timu. Mtoto huyo anaacha kukimbia, na hakuna orodha yoyote ya mashindano itakayoonyesha kwamba tulimpoteza siku ile.

Hata hivyo ni lazima tutenganishe udanganyifu na hali halisi ya elimu yetu. Nchini Uganda wapo wanafunzi wengi walioanza shule wakiwa wakubwa, waliorudia darasa, au walioacha miaka kadhaa kwa kukosa karo na kurejea baadaye. Kijana wa miaka 20 aliye kidato cha nne anaweza kuwa mwanafunzi wa kweli kabisa, mwenye haki zote za kukaa darasani, na bado asiruhusiwe kukimbia na wa chini ya umri wake. Kisha ikaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Kundi zima la wanafunzi lilipita umri wa vijana bila michezo ya taifa, bila kambi na bila mwalimu wa kuwaangalia, katika miaka ile ile ambayo Cheptegei alikuwa akiweka rekodi za dunia: dakika 12 na sekunde 35.36 katika mita 5000 huko Monaco mwezi Agosti 2020, na dakika 26 na sekunde 11.00 katika mita 10,000 huko Valencia mwezi Oktoba. Waliorudi shuleni mwaka 2022 wakiwa wamezidi umri hawakuwa wadanganyifu, na wengi wao walichukuliwa hivyo. Kama zingekuwapo kumbukumbu za kuaminika za umri tangu shule ya msingi, zikafuatana na mwanafunzi hadi sekondari, ingekuwa rahisi kumtofautisha mwanafunzi aliyecheleweshwa na maisha na mtu mzima aliyeletwa na basi wiki ya mashindano.

Kwa kulinganisha, Marekani, ambako riadha ya shule za sekondari ina historia ndefu, heshima nyingi hugawiwa kwa ngazi zilizo wazi. Timu ya nyika huwa na wakimbiaji saba na watano ndio wanaohesabiwa, umbali wa kawaida ni kilomita tano, na kila jimbo hutaja kundi la waliofika nafasi za juu badala ya kumtaja mshindi peke yake. Shule humpa mwanafunzi aliyetimiza masharti herufi ya kushonea kwenye koti lake. Si lazima tuige koti. Lakini kuwataja kumi au kumi na watano wa mwanzo kwa majina, kwa darasa na kwa mwaka wa kuzaliwa ni jambo ambalo wilaya yoyote ya Uganda inaweza kulifanya kwa karatasi moja, nalo lingemsaidia kocha kumwona yule wa 9.

Watoto wetu hawatazami Marekani. Wanatazama heshima za serikali, na hizi nazo zinahitaji ufafanuzi. John Akii-Bua, askari polisi kutoka Lango, kaskazini mwa nchi, alishinda mita 400 kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na Uganda ikakaa miaka 40 bila dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012. Kiprotich, aliyekuwa mfanyakazi wa Magereza, alipandishwa cheo, akapewa na Rais shilingi milioni 200 na ahadi ya nyumba kwa wazazi wake. Baadaye serikali iliweka posho ya kila mwezi: shilingi milioni 5 kwa mwenye medali ya dhahabu, milioni 3 kwa ya fedha na milioni 1 kwa ya shaba. Peruth Chemutai wa Bukwo alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki, katika mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Tokyo mwaka 2021, nyumba na magari vilizungumzwa tena kila mahali.

Heshima hizi ni za haki, na waliozipata walizitolea jasho. Tatizo ni kwamba kati ya paredi ya shule na posho ya milioni 5 kuna pengo la miaka saba au kumi ambalo halina heshima yoyote yenye fedha. Ndani ya pengo hilo ndimo Jeshi, Polisi na Magereza huwachukua wakimbiaji na kuwapa ajira, na vyuo vikuu kama Ndejje huwasomesha wengine. Wasiochukuliwa huvuka mpaka kwenda Eldoret na Iten nchini Kenya kutafuta kundi la mazoezi, wakiishi watatu chumba kimoja kwa ugali na chai, au hurudi shambani. Mwanafunzi wa miaka 17 aliyeambiwa na shule nzima kwamba yeye ndiye Cheptegei anayefuata hajaambiwa na mtu yeyote kuhusu miaka hiyo kumi.

Tena, ubingwa wa ujana hautabiri mambo kwa usahihi kama tunavyodhani. Ni kweli kwamba Dorcus Inzikuru kutoka Arua alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 5000 mwaka 2000 huko Santiago, Chile, kisha akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake katika kuruka viunzi na maji huko Helsinki mwaka 2005. Cheptegei naye alishinda mita 10,000 za vijana mwaka 2014 huko Eugene, Marekani. Lakini Cheptegei huyo huyo, kabla ya hapo, alikuwa mtoto wa shule aliyecheza mpira na kujaribu miruko, na ushindi wake wa kwanza wa dunia ulifuatwa na Kololo 2017, alipoongoza mbele ya umma wa nyumbani na kuishiwa nguvu mzunguko wa mwisho hata akafika wa 30. Kiprotich aliugua muda mrefu utotoni na kukosa shule, akaacha riadha kwa kipindi ili ayafikie masomo, halafu mwaka 2006 akaacha shule na kwenda kufanya mazoezi Eldoret. Ubao wa heshima wa shule haungemwonyesha. Wala si kila bingwa hutoka mlimani, ingawa ukisoma magazeti utadhani hivyo: Akii-Bua alitoka Lango, Inzikuru West Nile, yaani eneo la Arua, na Halimah Nakaayi, bingwa wa dunia wa mita 800 huko Doha mwaka 2019, hakukulia Sebei. Walimu wa Lira na Arua wanaodhani kwamba mbio ndefu ni mali ya watu wa Elgon wanawanyima watoto wao jaribio la haki.

Basi heshima yenye uzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni basari, yaani ufadhili wa masomo. Medali hutundikwa ukutani, lakini basari humweka mtoto darasani hadi mtihani wa kidato cha nne na cha sita. Shule binafsi za kati ya nchi zimekuwa zikiwafuata watoto wa Kapchorwa, Bukwo na kwingineko na kuwapa karo, chakula, malazi na sare, na ninyi nyote mnaojua hali ya vijiji vile mnajua kwamba wengi wao wasingefika sekondari kwa njia nyingine. Kwa wasichana jambo hili lina uzito wa ziada. Katika Sebei, ambako ukeketaji ulipigwa marufuku kisheria nchini kote mwaka 2010 na bado familia nyingine huwaoza mabinti mapema, msichana aliye bwenini mbali na nyumbani kwa ajili ya mbio zake amepata miaka minne au sita ambayo hakuna anayeweza kumposa kwa urahisi. Kila anaporudi likizo na medali, baba na wajomba huwa na sababu mpya ya kusema asubiriwe.

Lakini basari nyingi ni ahadi ya mdomo. Mwalimu wa michezo huja kijijini, hukaa na wazazi, hukubaliana nao, na mtoto huondoka na begi lake. Haijaandikwa popote kwamba mtoto akiumia goti ataendelea kusoma. Shule inahesabu pointi, na kwa kuwa kombe la jumla la riadha hupatikana kwa kujumlisha pointi za kila mbio, mkimbiaji mmoja mzuri huingizwa katika mita 1500, mita 5000 na mbio za kupokezana vijiti ndani ya siku tatu au nne, kisha huitwa tena kwa nyika. Mtoto wa miaka 16 anayekula ugali na maharage ya shule, hasa msichana ambaye mwili wake unahitaji madini ya chuma zaidi wakati huo, hawezi kustahimili ratiba hiyo kwa miaka miwili bila kuvunjika mahali fulani. Anapovunjika, karo hukatika, mara nyingine katikati ya muhula, na mtoto aliyeheshimiwa paredi Julai huonekana Oktoba akishuka basi nyumbani bila kujua aseme nini.

Kwa hiyo mzazi anayeletewa habari njema na mwalimu kutoka shule ya mbali ana haki ya kuuliza maswali kabla hajampa mkono, na mwalimu mwema hatachukia. Aombe makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Aulize kama karo inalipwa hadi mwisho wa kidato cha nne au kwa mwaka mmoja tu. Aulize, "Mwalimu, mtoto akiumia na asikimbie mwaka mzima, ataendelea kukaa darasani?" Aulize atakimbia mbio ngapi katika mashindano mamoja, nani atakayemtibu, nauli ya likizo ni ya nani, na cheti chake cha mtihani wa darasa la saba kitabaki mikononi mwa nani, maana zipo shule zinazokishikilia ili mwanafunzi asiweze kuhama. Aulize pia mtoto ataandikishwa kwa mwaka upi wa kuzaliwa, na ahakikishe kwamba ni ule ule ulio kwenye kadi ya kliniki aliyopewa alipojifungua, kwa sababu tarehe itakayoandikwa kwenye fomu ya kwanza ya mashindano ndiyo itakayomfuata mtoto hadi siku ya kuombewa pasipoti.